Rafu ya X

Mama alikuwa karani wa masijala, hospitali ya mkoa, Kisumu.
Dirisha lake lilikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja:
humo ilipita mikono, vikaratasi, harufu ya homa, matusi.
"Nimepoteza kadi." "Jina?" "Akinyi."
Akinyi! Asubuhi moja tu, Kondele huzaa Akinyi wangapi?
Mama hakucheka. Aliuliza:
ulikuja kabla ya mafuriko au baada?
Nani alikubeba? Walikufunga plasta mguu upi?
Kisha akatoweka katikati ya rafu
na kurudi na faili, vumbi limemkaa kwenye nyusi.

Mimi, juu ya kigoda, nilidhani watoto wote hufundishwa hivi:
jina walilo nalo wengi halina uzito,
kovu alilo nalo mmoja lina uzito wa jiwe la kusagia.

Miaka ishirini baadaye nikaliandika jambo lilo hilo
kwa logi na vipeuo, huko Maseno,
hatua chache kutoka mstari wa ikweta,
katika maabara ambamo umeme ulikatika
kila nilipokaribia jibu. Wakaniita daktari.

Kazi yangu: kuifundisha mashine kutafuta kwa Kiswahili.
Neno letu huja limevaa. "Hatukumwelewa":
vua ha, vua tu, vua ku, vua mw,
ubaki na elewa, tupu, likitetemeka kwa baridi.
Nilitunga kanuni mia mbili na kumi na nne.
Usiku wa manane nikazijaribu kwa neno "mama".
Mashine ikaona ma mwanzoni, ikadhani ni wingi,
ikakata.
Ikabaki ma.
Nilicheka hadi mlinzi, Bwana Wekhuye, akagonga mlango.

Makala ya kwanza ilikataliwa. Ya pili pia.
Mhakiki aliandika mstari mmoja: "Lugha ndogo, data ndogo."
Ya tatu ikakubaliwa, mimi nikanyimwa viza;
akaisoma mtu mwingine, akilitamka jina langu
kama anayetafuta mwiba kwenye samaki.
Halafu uhadhiri, mgomo, mkopo wa sako, mgomo tena, uprofesa.
Nywele zikageuka mvi kabla ya kanuni kukamilika.

Mizani yetu ni miwili, niliwaambia wanafunzi kila Januari.
Usahihi: katika ulivyoleta, vingapi vilitakiwa?
Ukamilifu: katika vilivyotakiwa, vingapi umeviacha gizani?
Huo wa pili ndio mgumu.
Nani ajuaye hesabu ya asichokiona?

Mwaka jana hospitali iliniita niiingize masijala kwenye kompyuta.
Mama alikuwa na miaka sita kaburini, Seme.
Faili zilizopita miaka kumi huchomwa, ndio utaratibu,
nyuma ya jikoni, kila Desemba.
Vijana wangu walipiga picha kutoka A hadi W.
Kwenye X hatukutarajia kitu;
sijui ukoo wa huku unaoanza na herufi hiyo.

Palikuwa na faili moja.

Opondo, mwana wa Turfosa Ayiemba. Umri: siku nne. Nimonia.
Mwaka mmoja kabla yangu.
Opondo, jina la aliyekawia kutoka, kana kwamba amejificha.
Hati ya mama, ile ile iliyonyooka kama rula,
na pembe ya jalada imelainika
kwa kushikwa, kushikwa.

Alijua mahali pa kila mgonjwa wa Nyanza.
Huyu mmoja alimweka pasipo pake
ili moto usimjue.

"Prof," kijana akasema, "wamekosea kupanga hapa. Nirekebishe?"
Nikamwambia aende akanywe chai.

Ripoti niliiandika mwenyewe, jioni ile ile:
Rafu ya X: hakuna kitu.
Ukamilifu: asilimia mia moja.
Nikatia sahihi.